Jiwe la Kuokwa na Ubao Uliobaki Tuwan

Kuna mstari kwenye kaunta ya jikoni katika ukumbi wa kanisa letu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, unaoanzia ukingo wa mbele na kwenda ukipinda-pinda hadi ukutani kama mto kwenye ramani, na mimi ndiye niliyeuleta. Nasema mapema kabla mtu mwingine hajawasimulia, kwa sababu kule nyumbani kisa hiki kina wasimuliaji wengi na kila mmoja anaongeza chumvi yake (kuna anayesema nilikimbia hadi Webuye, sikukimbia, nilitembea, tena hadi nyuma ya choo tu). Aibu yenyewe nimeikubali. Ninachotaka ni isimuliwe sawasawa.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya falsafa, ambayo shangazi zangu waliifurahia sana mpaka siku waliyouliza inafanya kazi gani, nikawaambia inamfundisha mtu kuuliza maswali, wakatazamana. Kazi niliyopata ilikuwa Kitale, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Baba Shiku, mzee ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakalima Kachibora miaka mingi, mpaka yeye akachoka na mahindi akahamia mjini kuuza misumari na simenti. Nilikodi chumba mtaa wa Tuwan, nikanunua kitanda cha mitumba kilichobonyea katikati kama mtumbwi, na kila asubuhi nilienda dukani mgongo ukilalamika kuuliza watu maswali. Mteja akisema anataka rangi hii kwa sababu haipauki, nilimwuliza nani amemwambia. Baba Shiku alisema mimi ndiye mfanyakazi wa pekee anayemrudisha mteja nyumbani akafikirie badala ya kununua.

Ndipo likaja jiwe. Mpwa wake Baba Shiku alikuwa kwenye jengo moja la Nairobi ambako wenye jengo walileta mabamba kutoka ng'ambo, yakabaki machache, na moja likasafirishwa hadi Kitale likiwa limefungwa kwa blanketi tatu kama mgonjwa. Lilikuwa refu kuliko mimi, rangi ya kijivu yenye mawingu meupe, na jembamba ajabu, unene wa kidole changu cha mwisho. Karatasi iliyokuja nalo ilieleza kwamba si jiwe la kuchimbwa. Ni udongo na mawe yaliyosagwa yakawa unga, unga ukakandamizwa na mashine hadi ukashikana, kisha ukaingizwa kwenye tanuri lenye moto wa zaidi ya digrii elfu moja mpaka punje zikashikamana zikawa kitu kimoja. Karatasi ikaendelea kusema halikwaruziki, halichomeki, halinywi maji wala mafuta, na halishiki doa. Dukani tukaliita jiwe la kuokwa.

Mimi sikuamini hata neno moja. Nilikuwa nimeishi miaka minne na watu wanaosema karatasi inakubali kila kitu unachoiandikia, kwa hiyo nikakata kipande kidogo cha pembeni (kwa ruhusa, ingawa Baba Shiku anakumbuka vingine) na kukitesa wiki nzima. Nilikikwaruza kwa msumari. Nilikimwagia maji ya betri. Nilikipaka GV, ile dawa ya zambarau ambayo ukiipaka kidonda cha mtoto inabaki kwenye shuka mpaka mtoto aoe, nikaiacha siku mbili. Nilikiwekea pasi ya makaa. Kila mara nilipangusa kwa kitambaa chenye maji, na kila mara kipande kilinitazama kikiwa kisafi vilevile, hadi mimi niliyekuwa mpinzani wake nikageuka kuwa mhubiri wake. Hakuna mtu mbaya kama mtu wa kutoamini akishaamini. Nilikuwa nasimamisha hata waliokuja kununua kufuli.

Sasa lazima niwaambie kuhusu mama yangu, maana bila yeye jiwe hili lingebaki Kitale. Mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, na kwa miaka ishirini nimemwona akiwapikia watu: matanga, harusi, ziara za wachungaji, mikutano ya kamati ambayo kamati hula kuliko inavyokutana. Yeye na wenzake hupika nje, kwenye mawe matatu, wameinama. Wanakata mboga wameinama, wanasonga ugali wameinama, wanapakua wameinama, halafu wanasimama mkono mmoja ukiwa kiunoni na kubaki hivyo kidogo kabla ya mgongo kukubali kunyooka. Kanisa lilipoanza kujenga ukumbi, Mama alisimama mbele ya kamati akasema anataka kitu kimoja tu: jiko la ndani lenye kaunta ya kiunoni, ndefu, ngumu, ya kukatia na kupakulia ugali mkubwa, ili akina mama wapike wakiwa wamesimama kama watu.

Aliyempinga alikuwa mweka hazina, Mwalimu Barasa, aliyenifundisha darasa la sita na ambaye mpaka leo ananitazama kama ninayedaiwa kazi ya ziada. Hoja yake ilikuwa kwamba akina mama wamepika nje tangu kanisa liwe la nyasi na hakuna aliyelala njaa. Kamati ikagawanyika. Mwishowe wakakubaliana hivi: Mama alete hicho kitu anachokitaka, wakione kikifanya kazi Jumapili fulani baada ya ibada, siku hiyohiyo ya ziara ya mchungaji kutoka makao makuu. Kikifaa, kitajengwa. Kisipofaa, kaunta inafutwa kwenye ramani na mahali pale panakuwa stoo ya viti.

Mama akanipigia simu. Akasema, "Wekesa, hiyo jiwe yako umenisumbua nayo kila siku, ni ya ukweli ama ni ya chuo?"

Nikamwambia ni ya ukweli. Nilikuwa na ushahidi.

Baba Shiku alikubali jiwe liende kwa maonyesho, kwa sababu alitaka kuweza kusema mahali fulani kuna kaunta ya jiwe lake, na akamweka Fundi Ndiema alikate kwa kipimo. Ndiema anatoka Kapsokwony, juu kabisa mlimani, ni mtu wa maneno machache ambaye mkono wake husikia ukuta ukiwa umepinda kabla jicho halijaona. Alilikata jiwe kwa diski yenye maji, taratibu, kama anayekata keki ya mtu mwingine. Alipomaliza akaliangalia upande wa chini muda mrefu.

"Na chini yake kunakaa nini?" akauliza.

Nikamwambia kutakuwa na kuta mbili za matofali, moja kila upande. Akasema hiyo ni kando, yeye anauliza chini. Basi mimi, mwenye digrii ya kuuliza maswali, nilipoulizwa swali moja nikajibu kwa hotuba: msumari, maji ya betri, GV, pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hii ni udongo imechomwa," akasema. "Mama yangu alikuwa anatengeneza vyungu. Chungu haiogopi moto. Haiogopi mafuta. Inaogopa tu kuketi vibaya."

Kisha akaenda nyuma ya duka akarudi na ubao mzito wa plaiwudi, mnene kuliko jiwe lenyewe, akaupima, akaukata, akaupiga randa kingo, akanikabidhi. Akasema yeye anapanda mlimani kupanda viazi, atakuja Bungoma kamati ikishakubali, amwage zege na kulilaza jiwe kwa njia yake. Lakini kwa ile siku ya kuonyesha, ubao huu ulale kwenye kuta mbili kwanza, jiwe lilale juu ya ubao. Nisisahau. Nikamwambia sitasahau.

Na sikusahau, hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Paa la stoo ya Baba Shiku lilikuwa linavuja, kwa hiyo niliubeba ubao hadi chumbani kwangu Tuwan usije ukalowa, na chumba changu kilikuwa kidogo kiasi kwamba kitu kipya kikiingia kitu cha zamani lazima kitoke au kipandwe juu. Nikauweka chini ya godoro. Jamani, nililala. Kile kitanda cha mtumbwi kiligeuka kuwa kitanda cha waziri. Asubuhi ya pili niliamka mgongo ukiwa hauna malalamiko yoyote, nikapiga mluzi nikioga.

Jumamosi ile pikapu ya dukani ilifika mlangoni asubuhi, jiwe tayari limefungwa nyuma kwa blanketi zake, dereva akipiga honi kama anayetoa taarifa ya moto. Nilikuwa nimeshatandika. Juu ya godoro nilikuwa nimepanga nguo za ibada zilizopigwa pasi, viatu, kisu, biti-ruti mbili zenye maji mekundu za kuonyeshea doa, na kile kipande changu cha ushahidi. Ili kutoa ubao ningehitaji kuhamisha vyote hivyo, kuinua godoro, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kutoka kuuliza honi ni ya nini. Nikasimama pale kwa muda wa sekunde kumi hivi. Nikajiambia: jiwe lililoshinda maji ya betri linahitaji godoro la nini? Nikajiambia pia (nakiri) kwamba nikirudi Jumapili jioni nitakuwa nimechoka na nitahitaji kulala vizuri. Nikafunga mlango.

Ndio uamuzi wenyewe huo. Kila kilichofuata kilitoka kwenye zile sekunde kumi.

Jumapili baada ya ibada watu wote waliingia ukumbini, ambao ulikuwa na paa na kuta, madirisha yakiwa bado hayana vioo. Jiwe lilikuwa limelala juu ya kuta mbili za matofali, limepanguswa, na mwanga wa mlangoni ukitembea juu yake kama maji. Akina mama wa kwaya walikuwa wanalipapasa wakidhani hakuna anayewaona. Mchungaji mgeni, mtu mpole mwenye kitambi cha heshima, alipewa kiti cha mbele. Mwalimu Barasa aliketi kando yake mikono imekunjwa. Nje, moshi ulikuwa unapanda kutoka kwa yale mawe matatu, na kuku wa mgeni wamekwisha kuiva. Mama alikuwa amevaa leso mpya. Alinirekebisha kola.

Nikaanza. Nilikata biti-ruti juu ya jiwe bila ubao wa kukatia, nikaburuza kisu hadi watu wakasaga meno kwa ile sauti, nikapangusa. Hakuna alama. Nikamwaga mafuta ya kuku, nikamwaga chai, nikayachanganya na yale maji mekundu ya biti-ruti, nikazungumza kidogo kuhusu tanuri, nikapangusa. Safi. Nikamwomba dada mmoja alete sufuria ya chai moja kwa moja kutoka kwa moto, ikitoa cheche za masizi chini, nikaiweka juu ya jiwe watu wakivuta pumzi, nikaiondoa. Safi. Hapo vigelegele vikapigwa, na mchungaji akaegemea mbele akauliza kama linaweza kutengenezwa la madhabahu. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama na wenzake, ameuma mdomo wa chini ili asicheke, kama msichana aliyeitwa kuchukua zawadi.

Ningeishia hapo. Mkutano ungefungwa kwa sala na leo ningekuwa nawasimulia jambo lingine.

Mwalimu Barasa akainua mkono (bado huinua mkono kama yuko darasani, ila yeye ndiye darasa) akasema ameona, na ni vizuri, lakini hayo ni mambo ya sahani na vikombe. "Hapa hatupiki chai ya watu wawili, Wekesa. Hapa ni ugali ya matanga. Hiyo jiwe ni nyembamba kama chapati, bana. Itabeba ugali ya watu mia mbili?"

"Itabeba, Mwalimu."

"Si ungeweka tu kwa sinia, tukapendezwa na hii tumeona?"

Angalieni: mpinzani mwenyewe alinifungulia mlango nitoke. Nami nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, "Mwalimu, ni wewe ulitufundisha tusiamini kitu mpaka tukione. Ugali iletwe."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, hata Mwalimu akatabasamu kwa sababu ni kweli alitufundisha hivyo. Ugali wa mgeni ulikuwa tayari. Mnajua unavyopakuliwa ugali wa watu wengi kwetu: hauchotwi kwa kijiko. Sufuria nzima hubebwa na watu wawili kwa vitambaa, huinuliwa hadi kifuani, kisha hupinduliwa kwa nguvu na mara moja, mdomo chini, ili ugali utoke mzima kama kilima. Ukisita-sita unatoka vipande na wageni watajua jiko hilo halina mwenyewe. Kule nje hupinduliwa kwenye sinia lililokaa ardhini, na ardhi haijawahi kulalamika. Mama akaja akibeba upande mmoja, Mama Nasimiyu wa kwaya upande wa pili. Walilitazama jiwe, wakanitazama mimi. Nilionyesha katikati kabisa, kwa mkono wote, kama askari wa trafiki.

Wakainua. Wakapindua.

Ilisikika ta, mara moja, kavu, kama chupa iliyotupwa motoni. Kwa nusu sekunde ugali ulikaa pale ukifuka, mzuri, mviringo, bila ufa wowote, na ndipo nikaona jiwe chini yake limekuwa mawili, kila nusu ikiinama kuelekea katikati, na ugali ukaanza kuteremka kwa heshima zake zote hadi kwenye vumbi la simenti, ukatua juu ya viatu vyangu vya ibada. Nusu moja ya jiwe ikategemea ukuta. Nyingine nikaidaka kwa mapaja.

  Nilikuwa nimesimama na nusu ya bamba mapajani na ugali wa mgeni miguuni, ukiniunguza kupitia soksi, na sikuweza kusogea kwa sababu nikisogea jiwe linaanguka na nikikaa naungua. Mzee mmoja wa nyuma, ambaye husinzia ibada nzima na huamka kwa ajili ya chakula tu, akauliza kwa upole, "Sasa hiyo kuku itakuliwa na nini?"

Hapo ukumbi ukavunjika. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kucheka vizuri. Mchungaji alificha uso kwa Biblia, lakini mabega yalimsaliti. Waliniondolea jiwe, wakaniondolea ugali, na mimi nikaondoka mwenyewe (nyuma ya choo, kama nilivyosema).

Niliporudi, Mwalimu Barasa alikuwa anaongea na wanakamati wawili, naye hakuwa akicheka. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba basi, kitu kimeonekana, na mahali pale patakuwa stoo ya viti. Mgeni alikuwa amepewa kuku na mkate wa dukani. Kwetu mtu akila kuku na mkate huenda nyumbani akawaambia watu wake kwamba hakupewa chakula.

Mama alikuwa nje. Alikuwa amebandika maji upya kwenye yale mawe matatu na anamimina unga, ameinama, leso mpya imeingia majivu. Nikasimama karibu naye. Alisonga mara kadhaa, akanyooka, mkono ukaenda kiunoni, akabaki hivyo.

"Mama, nilikosea."

"Shika sufuria," akasema.

Nikashika sufuria. Alisonga ugali wote ule bila kunitazama, na moshi ulinipa sababu nzuri ya macho yangu. Alipomaliza akaniambia, bado akitazama ugali, kwamba walipoangalia lile jiwe kabla ya kupindua, Mama Nasimiyu alimnong'oneza kwamba linacheza. Yeye akamjibu, "Mwanangu amelipima." Halafu akaita wenzake wabebe sinia.

Hiyo ndiyo iliyonimaliza, si kicheko. Nilimwendea Mwalimu Barasa hapohapo, soksi zimeganda ugali, nikamwomba Jumapili mbili. Akauliza za nini. Nikamwambia jiwe halikushindwa, mimi ndiye nilishindwa, na kuna tofauti, na nitaionyesha. Alinitazama kwa yale macho ya kazi ya ziada.

"Mbili," akasema. "Na usilete mdomo. Leta fundi."

Baba Shiku nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kufutwa kazi. Aliuliza limevunjika vipande vingapi. Nikasema viwili. Akasema, "Basi uko na mawili," akakata simu, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Jumatatu nilipanda Kapsokwony kwa pikipiki, barabara ile inayokufanya umshike dereva kama ndugu, nikamkuta Ndiema shambani, magoti yamejaa udongo. Ningeweza kusema ubao uliibiwa. Nililifikiria hilo kuanzia Kimilili hadi shambani kwake. Nikamwambia ukweli wote: stoo inayovuja, kitanda, honi, sekunde kumi, katikati kabisa kwa mkono wote. Aliendelea kufukia viazi mpaka nikamaliza.

"Ulilala vizuri?" akauliza.

"Nililala vizuri, Fundi."

"Ni ubao mzuri," akasema, akaenda kunawa.

Alikuja Bungoma siku tatu baadaye, na mimi nikawa kibarua wake. Alijenga ukuta wa tatu katikati. Alinifanya nichanganye zege, akamwaga kitanda kizima cha zege chenye nondo juu ya zile kuta, ule ubao wangu ukiwa chini yake kushikilia zege mpaka likauke (nilienda Tuwan mwenyewe kuutoa chini ya godoro, na dereva hakupiga honi). Zege lilipokauka alipaka simenti ya taili kote kwa mwiko wa meno, hakuacha hata mahali pa kutosha sarafu, akalaza nusu ya kwanza, kisha ya pili, akazisukuma zikakutana. Halafu alifanya jambo ambalo mimi, na maji yangu ya betri, sikuwahi kufikiria kulifanya. Aligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, kila mahali, ameinamisha sikio. Palipojibu kwa sauti nzito aliendelea. Mahali pamoja, karibu na ukuta, pakajibu kwa sauti nyepesi, kama debe tupu, naye akalibandua jiwe likiwa bado bichi, akaongeza simenti, akalilaza upya. Nikamwomba nami nigonge. Niligonga kaunta nzima, futi kwa futi, mpaka akaniambia inatosha, jiwe limesikia.

Nilitaka ule mstari wa kuvunjika ufichwe. Ndiema aliujaza akausugua ukawa laini, kidole kikipita hakikwami, lakini rangi haikufanana. Akasema hawezi kufanya zaidi, na pia haoni sababu.

Jumapili ya pili watu walikuwa wengi kuliko siku ya mchungaji (habari zilikuwa zimefika mbali). Sikuongea. Nilisimama kando ya Ndiema, mikono nyuma. Mama na Mama Nasimiyu walileta sufuria, ileile, wakaiweka chini kwanza. Mama akakaribia kaunta. Hakunitazama mimi. Akakunja kidole akagonga katikati, akainamisha sikio. Akagonga pembeni. Akagonga juu ya mstari wenyewe, mara mbili. Sijui nani alimfundisha. Labda alikuwa amemwona Ndiema kupitia lile dirisha lisilo na kioo. Kisha akamwitikia mwenzake kwa kichwa, wakainua, wakapindua kwa nguvu zote, nadhani kwa nguvu kuliko siku ile.

Ilisikika pu. Basi. Ugali ukakaa juu ya mstari ukifuka.

Hakuna aliyepiga kigelegele mara moja. Walisubiri. Mwalimu Barasa akasogea, akachuchumaa akatazama chini ya kaunta, akanyooka kwa shida, mkono kiunoni, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kimo cha kaunta ni cha nini, kwa maana alibaki ameiegemea. Mama akakata kipande cha kwanza akampa. Alikula amesimama.

"Stoo ya viti tutaangalia mahali ingine," akasema.

Basi kaunta ipo. Akina mama wanapika wamesimama. Mimi kule Tuwan nilirudia kitanda changu cha mtumbwi, kwa sababu Ndiema aliondoka na ubao wake na sikuwa na uso wa kuuomba, na kila asubuhi mgongo ulinikumbusha. Bado nauliza maswali, hilo sitaacha. Ila nimeapa kwamba nikiulizwa moja na mtu anayejua kazi yake, nitaacha hotuba nijibu lile kwanza, na kwamba sitamwonyesha mama yangu mahali pa kupindua ugali maisha yangu yote.

Na wageni wakija kanisani na kusifu ile kaunta, kuna wakati hupitisha kidole kwenye ule mstari na kuuliza ni wa nini. Akina mama hawasemi kwamba jiwe lilivunjika. Mama Nasimiyu ndiye alianza, na sasa wote wanajibu hivyohivyo, Mama akiwa wa kwanza.

"Hapo," wanasema, "ndio Wekesa alimalizia digrii yake."